Ganda la makadamia si takataka, wasee wa Embu na Meru

Ukipanda matatu Embu ukielekea Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, miti ya makadamia utaiona hadi uchoke. Msimu ukifika, stori ni ile ile: broka amekuja na bei gani leo? Hakuna anayeulizia ganda. Ganda ni la kutupwa, ama la kuchomwa kwenye boila ya kiwanda.

Hebu piga hesabu. Katika kilo 100 za makadamia zilizokauka, kiini kinacholiwa ni kama kilo 30 hivi. Zingine zote ni ganda. Yaani ukweli ni kwamba sisi hulima maganda, njugu ni za kupita tu.

Na hilo ganda si mchezo. Jaribu kulivunja kwa meno uone kama hutaishia kwa daktari. Lakini ugumu huo ndio mali. Likichomwa mahali pasipo na oksijeni, linaacha mkaa mgumu uliojaa kaboni. Mkaa huo ukipikwa tena kwa mvuke, kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, unatobolewa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hapo si mkaa wa kuchomea nyama tena. Wataalamu wanaiita kaboni amilifu.

Gramu moja ya kaboni amilifu nzuri, ukikunjua kuta zote za vitundu vyake, inafunika zaidi ya mita 1,000 za mraba. Gramu saba hivi, kitu cha kujaa kiganjani, zinatosha uwanja mzima wa mpira. Harufu, sumu na uchafu vikipita hapo vinanaswa.

Nani anaitaka? Anza juu kabisa. Wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga hawawezi kufungua dirisha. Hewa ni ile ile, inazungushwa na kusafishwa, na kaboni amilifu ni sehemu ya mtambo unaonasa gesi zinazotoka kwenye miili yao na kwenye vifaa. Huku chini, iko kwenye vichujio vya maji na barakoa za kuzuia gesi. Migodi mikubwa ya dhahabu, kama ule wa Geita kule Tanzania, huitumia kunasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi. Na watafiti wa betri za sodiamu tayari wamelijaribu ganda lenyewe la makadamia kama malighafi ya kaboni ya betri hizo.

Wazo hili si geni. Mwaka 1918, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamarekani waliombwa wakusanye kokwa za pichi na maganda ya njugu ili zitengenezwe kaboni ya barakoa za wanajeshi. Leo vifuu vya nazi ndivyo vinavyotamba, na Sri Lanka imejenga viwanda vinavyouza kaboni hiyo duniani kote. Kifuu cha nazi! Kitu ambacho Pwani yetu tunakijua kama upawa.

Sasa tuje kwa siasa. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje makadamia yakiwa na maganda, ili kazi ya kubangua ibaki nchini. Mwishoni mwa 2023, Waziri wa Kilimo akiwa Mithika Linturi, mtu wa Meru, marufuku hiyo ililegezwa kwa mwaka mmoja kwa sababu wakulima walikuwa wanalia bei duni. Siwalaumu wakulima, ada ya shule haingoji sera. Lakini katika kelele zote hizo tulibishana kuhusu njugu tu. Makadamia yakipakiwa melini na ganda lake, theluthi mbili za mzigo ni malighafi tuliyomrushia mnunuzi kama baki ya duka.

Tusidanganyane pia. Hii si kazi ya kuchoma mkaa kwenye pipa nyuma ya nyumba. Inahitaji tanuri linalodhibiti joto, njia ya kushughulikia moshi, na maabara ya kupima ubora, maana mnunuzi hanunui maneno. Moto mmoja ukizidi, vitundu vinaharibika na umebaki na majivu.

Ila vipande vya kuanzia viko. Kuna Chuo Kikuu cha Embu, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru, na kuna mafundi wa jua kali wanaochomelea chuma vizuri kuliko wengi wenye vyeti. Kuna pia vyama vya ushirika vya wakulima. Chama kimoja kikipeleka gunia moja la maganda maabara, lichomwe, lipimwe na majibu yaandikwe, angalau msimu ujao tutabishana na broka tukijua thamani ya kilo zile 70 ambazo hajawahi kuzitaja.