Hirola: Swara Asiye na Akiba

Wavyele walisema akiba haiozi. Mimi methali hii imeniingia kwa sababu ya mnyama, si kwa sababu ya pesa.

Muhula uliopita tulizuru mbuga ya Tsavo Mashariki. Tulitoka Mombasa alfajiri tukaingia kwa lango la Voi. Ndovu wekundu kwa vumbi tuliwaona mpaka tukachoka, lakini hirola, ambaye mwalimu alitusimulia njia nzima, hatukumpata. Tukirudi, rafiki yangu akauliza, "Kwani hirola akiisha, sisi watu wa Majengo tutapungukiwa nini?" Basi zima likacheka. Mie sikuwa na jibu.

Je, hirola ni mnyama gani? Ni swara wa rangi ya mchanga, mwenye umbo kama la kongoni. Ana mstari mweupe unaopita baina ya macho kama mtu aliyevaa miwani, na mkia mweupe. Kwao hasa ni mashariki ya mto Tana, upande wa Garissa, kuelekea Somalia.

Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Miaka ya 1980 ukaingia ugonjwa wa sotoka, ule unaoua ng'ombe, ukawafagia. Leo hawafiki 500. Sotoka yenyewe ilitangazwa kwisha duniani mwaka 2011, mbona basi hirola hawakuongezeka? Sababu ni nyingi: ukame, ujangili, na simba na chui wanaokula ndama. Pia ndovu wa huko waliuawa kwa ajili ya pembe. Ndovu ndiye anayevunja miti. Alipopungua, vichaka vikafunika nyasi, na hirola chakula chake ni nyasi.

Hapa ndipo penye ile akiba. Marekani wana mnyama aitwaye baisani, jamaa ya nyati, mwenye nundu. Walikuwa mamilioni, wakapigwa risasi mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1880 hawakutimia hata 1,000. Lakini wachache walikuwa wamefugwa. Mwaka 1907 baisani 15 walipakiwa garimoshi kutoka bustani ya wanyama ya New York, wakarudishwa nyikani Oklahoma, wakazaana. Hirola hana akiba hiyo. Hakuna bustani yoyote ya wanyama duniani inayomfuga.

Serikali ilijaribu kumwekea akiba hapa hapa nchini. Mwaka 1963 hirola wapatao 30 walihamishiwa Tsavo Mashariki, na wengi wakafa. Waliobaki wakazaana kidogo. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori likaenda kuchukua wengine. Wenyeji wakakataa! Walikwenda Mahakama Kuu wakasema, hirola ni wa kwetu, asihamishwe. Mahakama ikazuia wasichukuliwe zaidi, ingawa baadhi walikuwa wameshafika Tsavo.

Nilipoambiwa habari hii nilidhani wale wenyeji walikosea. Sasa sidhani hivyo. Watu hao hao, wafugaji wa Ijara, walitenga sehemu ya malisho yao pale Ishaqbini kwa ajili ya hirola. Mwaka 2012, wakisaidiwa na Shirika na mashirika mengine, waliona ua ukijengwa wa kuzuia wanyama wakali, na hirola 48 wakaingizwa ndani. Baadaye walipita 100. Hawakupelekwa mbali, ila walilindwa kwao, na waliowalinda ni wale wale waliokwenda mahakamani.

Sasa namjibu rafiki yangu. Hirola ni wa peke yake katika jenasi yake, ndugu zake wote walishatoweka. Akitoka Kenya ametoka duniani, na hapatakuwa na garimoshi la kumrudisha. Mfugaji wa Ijara, ambaye ukame humwua ng'ombe wake, alikubali kugawana naye nyasi. Sisi wa Majengo hatuna nyasi za kumgawia, lakini tusicheke anapotajwa. Tukirudi Tsavo mwakani, mimi nitakaa dirishani.