Mapafu Yenye Makovu na Chanjo ya Mafua (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi moshi wa kuni unavyoharibu mapafu ya wapishi wetu kidogo kidogo. Leo tumwangalie mama wa Kathonzweni aliyepikia mafiga tangu usichana, au mzee aliyepona kifua kikuu akabakiwa na makovu, janga linapoingia nchini.

Machi 2020 korona ilithibitishwa Kenya. Mwaka uliofuata chanjo ya AstraZeneca ikawasili, na wengi waliochanjwa wakajiona wamekingwa dhidi ya kila homa. Sivyo. Virusi vya mafua ni ukoo mwingine kabisa, na askari wa mwili waliofunzwa kuitambua korona hawaijui sura ya mafua.

Njia za hewa za mgonjwa wetu tayari ni nyembamba, zimejaa makohozi. Mafua yakiingia, kuta zake huvimba, makohozi huzidi na bakteria nao hupata pa kuzaliana. Mwenye mapafu mazima hulala siku chache akaamka akaenda kuvuna ndengu zake. Mgonjwa wetu huweza kuishia kwenye oksijeni, na hata akipona, pumzi yake mara nyingi hairudi ilivyokuwa. Watafiti wa Thailand waliwafuatilia wagonjwa 125 wa aina hii, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba chanjo ilipunguza maradhi ya mafua kwa asilimia 76. Ni utafiti mdogo, ila mimi ningekuwa na kifua cha namna hiyo ningechanjwa kesho.

Wapo wanaosema sindano yenyewe ndiyo huleta mafua. Haiwezi: virusi vyake vimeuawa. Mkono huuma, pengine na joto kidogo, na baada ya wiki mbili hivi kinga huwa tayari. Hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi hubadilika. Shirika la Afya Duniani hutaja aina za kukingwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba. Ulaya huchanja kabla ya baridi. Kwetu mafua huzunguka karibu mwaka mzima.

Kikwazo kikubwa si woga. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya serikali. Huuzwa zaidi katika hospitali za kibinafsi mijini. Mgonjwa wa Kathonzweni alipe nauli, alipe sindano, na mwakani arudie. Hapo ndipo ningependa kaunti ianzie, kwa wenye pumu kali na ugonjwa sugu wa mapafu, kabla ya janga jingine. Mwaka 1918 homa ya mafua ilishukia Mombasa kutoka melini ikapanda bara na garimoshi, na reli hiyo hupita Makindu, kusini mwa Kathonzweni.

Kwa anayeuliza: chanjo ya mafua na ya korona zaweza kudungwa siku moja, kila moja mkono wake.

Juma lijalo: inhela, na kwa nini dawa yake nyingi huishia kooni.