Kutunza Viti vya Ngozi

Kiti cha ngozi hununuliwa kwa fedha nyingi, na mara nyingi huharibiwa na mwenyewe kwa kukisugua kwa maji na sabuni kama sakafu. Ngozi itengenezwapo kiwandani hutiwa mafuta ili iwe laini. Ikiloweshwa sana na kukauka, mafuta hayo hupungua, nayo ngozi hukakamaa na kupasuka. Na ngozi iliyokwisha kupasuka haiponi.

Vumbi lipanguswe kila juma kwa kitambaa laini kikavu, hasa katika mikunjo, kwa maana mchanga hukwaruza. Penye uchafu, kitambaa kitiwe povu kidogo la sabuni isiyo kali, kikamuliwe sana, kisha papanguswe na kuachwa pakauke kivulini, wala si juani au karibu na moto. Samli ikimwagika isioshwe kwa maji: ifyonzwe kwa kitambaa kikavu, kisha penye doa panyunyiziwe unga wa chaki mpaka asubuhi.

Dawa ya viatu haifai, kwani huchafua nguo za wageni. Mafuta ya kupikia nayo huchacha na kunuka. Yafaa mafuta ya ngozi yauzwayo madukani, yajaribiwe kwanza nyuma ya kiti. Mombasa, penye unyevu mwingi, kiti kisiegemezwe ukutani, maana ukungu hupenda mahali pasipopita upepo.