Ibada Wakati wa Taabu: Funzo Kutoka Arua

Katika vijiji vya Pajulu, pembezoni mwa mji wa Arua, kaskazini-magharibi ya Uganda, siku ya mama mwenye nyumba huanza kabla ya jua kuchomoza. Moto haujawashwa, jembe bado limeegemea ukuta, naye amekwisha piga magoti. Wakristo huomba kwa Kilugbara, lugha ambayo katika ibada humtaja Mwenyezi kwa neno lile lile la Waswahili, yaani Mungu. Majirani zao Waislamu nao huitika adhana. Kisha kazi za kutwa huanza.

Lakini sala hiyo ina faida gani pindi taabu inapozidi uwezo wa binadamu? Wenyeji wa West Nile hawakulipata jibu vitabuni. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, raia wa sehemu hiyo alikotoka waliandamwa kwa kisasi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1980 watu wengi mno walikimbilia Sudan na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baadhi ya waliobaki walitafuta hifadhi katika misheni.

Mojawapo ilikuwa misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, kilomita chache kutoka mjini Arua. Tarehe 24 Juni, 1981, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, askari wa jeshi la serikali la wakati huo waliwashambulia raia waliojisitiri humo. Karibu watu 100 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto.

Hapo imani ya wengi ingeweza kuvunjika. Watu walikimbilia kwa Mungu, na risasi zikawafuata huko huko. Anayehubiri kwamba ibada huzuia kila baya hana la kuwaambia wafiwa wa Ombaci. Hata hivyo wafiwa hao hawakuacha kusali. Mahali pale pana mnara wa ukumbusho, na tarehe 24 Juni imekuwa siku ya kuwaombea marehemu.

Basi ibada iliwapa nini? Kwanza, iliwapa ruhusa ya kulia. Zaburi nyingi ni vilio vya watu walioelemewa, wala hakuna anayekemewa humo kwa kumuuliza Mola wake amechelewa wapi. Pili, iliwakutanisha. Msiba unaobebwa na mtu mmoja humvunja mgongo, lakini ukitajwa mbele ya wenzake huwa mzigo wa wote. Tatu, iliwapa mahali pa kuikabidhi hasira yao, ili isirithiwe na watoto.

Biblia yasimulia habari za mfalme Yehoshafati wa Yuda, aliyewatanguliza waimbaji mbele ya jeshi lake. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba kabla ya nyimbo hizo alikiri hadharani, wake kwa waume na watoto wakisikia, kwamba hana nguvu wala hajui la kufanya. Kumtumaini Mungu huanza kwa kusema kweli.

Ukweli huo wafaa katika kila nyumba. Baba aliyepoteza kazi, au mama mwenye mtoto mgonjwa, asione haya kulitaja tatizo lake katika sala ya jioni, watoto wakiwapo. Watoto huijua hofu ya wazazi hata ikifichwa, na huwatuliza kuona inatajwa mbele za Mungu bila aibu. Aidha, sala isiwe kisingizio cha kukaa bure. Mgonjwa apelekwe hospitali, deni lizungumzwe na mdai, na jirani aombwe msaada.

Wahenga walisema subira ni ufunguo wa faraja. Mama wa Pajulu akiisha kusema amina huinuka, akawasha moto na kuwaamsha watoto. Taabu aliyolala nayo bado ipo, ila sasa hakabiliani nayo peke yake.