Ndoo za Bibi na mistari mitatu ya simu

Likizo iliyopita nilifika kwa Bibi, Handeni, kichwa kimejaa zile video za nyumba za kisasa: ukuta mweupe, kochi moja, ua moja, basi. Ukumbini kwa Bibi kuna ndoo sita zimepangwa ukutani, kila moja na kifuniko chake, na kata juu ya ile ya mwisho. Siku alipokwenda shamba nikazihamishia zote stoo ya uani. Nikafagia, nikatandika mkeka mmoja, nikapiga picha, nikarusha status. Wana wakasifia.

Alfajiri nikasikia kishindo. Bibi alikuwa ameamka kutafuta maji ya kutawadha. Macho yake gizani si mazuri, akapapasa ukuta pale zilipokuwa ndoo, hakuna kitu. Akaenda mpaka stoo, akajikwaa kwenye jembe. Mkono ulimvimba wiki nzima. Hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mjukuu wangu, zilikuwa zinakukera nini?"

Sikuwa na jibu. Maji ya bomba Handeni huvutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi ulioanza miaka ya 1970, na mwenyeji yeyote atakwambia kuhusu mgao. Kwa hiyo ndoo pale ukumbini zina kazi. Ya kwanza ya kunywa, mbili za kupikia, zilizobaki za kuoga na kufulia. Bibi akigusa vifuniko tu anajua amebakiwa na siku ngapi. Mimi niliondoa machoni kitu pekee ambacho nyumba nzima inatakiwa kukiangalia kila siku.

Huu mtindo wa vitu vichache umeshikana sana na habari ya utulivu wa akili, ile ya kuwepo pale ulipo bila mawazo kutangatanga. Jon Kabat-Zinn alianza kuifundisha kwa wagonjwa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, akichota kwenye taamuli ya Kibudha. Sisi tuliokulia madrasa tuna neno la jirani: khushui, moyo kuhudhuria kwenye swala. Msikiti wa mtaani kwetu hauna picha ukutani, ni mazulia tu, ili jicho lisipate pa kuzurura. Lakini saa ya nyakati za swala ipo palepale mbele, kubwa, kila mtu anaiona. Hakuna aliyewaza kuificha ili ukuta upendeze.

Mjerumani Dieter Rams, aliyesanifu redio na vikokotoo vya Braun, aliacha kanuni kumi za usanifu bora. Darasani kwetu wote tunaikumbuka ya kumi, inayotaka usanifu uwe kidogo iwezekanavyo. Ya nne, kwamba kitu kieleweke chenyewe, huwa tunairuka.

Mimi niliiruka mara mbili. Kutoka Handeni nilikwenda Korogwe kwa mama mdogo, anayeuza machungwa stendi na kuwakopesha makondakta. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni programu ya simu ya kutunza madeni, na yeye ndiye mtu wangu wa kwanza wa kuijaribu. Nilikuwa naringia kioo chake: cheupe, alama moja ya kujumlisha katikati, mengine yote nyuma ya vile vimistari vitatu vya pembeni. Mama mdogo akabonyeza ile alama, akaandika deni, kisha akauliza, "Haya, nani ananidai na nani namdai?" Hakujua kama vimistari vile ni mlango. Alidhani ni urembo. Basi likaingia, wateja wakamzonga, akanirudishia simu, akachomoa daftari kwenye kanga.

Na huyohuyo mama hutuma hela kwa *150*00# huku anamenya chungwa. Ujumbe wa mfumo ule hauzidi herufi 182, hauna rangi wala picha. Unauliza jambo moja, unajibu, unauliza jingine: namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Machaguo yameandikwa kwa maneno, yote mbele ya macho. Ufinyu ule ulimlazimisha msanifu aamue kipi kinahitaji akili ya mtu kwa sasa.

Kinyume chake kipo mfukoni mwako. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, unaoteremka tu bila kukuuliza kama unataka kuendelea. Ni safi kuutazama, hauna hata kitufe, na ndiyo maana unaamka na supplementary. Raskin mwenyewe ameshasema hadharani anajutia. Kitufe cha "ukurasa unaofuata" kilikuwa kero, ila kilikupa nafasi ya kujishtukia.

Programu yangu sasa inafunguka na orodha: jina, kiasi, siku. Chini kuna maneno mawili, "Andika deni" na "Amelipa". Msimamizi wangu anasema inaonekana ya kizamani. Mama mdogo bado ana daftari kwenye kanga, lakini jioni huwa ananakili.

Ndoo nimezirudisha ukutani, kwa mpangilio uleule. Kisha nikamuuliza Bibi swali nililopaswa kuanza nalo: ni kitu gani humu ndani kinakusumbua? Akanyoosha ule mkono uliovimba kwenye meza ya kioo katikati ya ukumbi, ambayo kila siku anaizunguka kwa tahadhari. Nilimnunulia mimi, kwa bumu langu la kwanza.