Kemron: dawa iliyoshangiliwa kabla ya kupimwa

Mwaka 1990 Kenya ilitangaza dawa ya UKIMWI. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, chini ya Dakta Davy Koech, iliwapa wagonjwa intaferoni, protini ya kinga ya mwili, kwa kipimo kidogo mno, ya kuyeyushia mdomoni, ikaiita Kemron. Hamu ya kula ikarudi, uzito ukapanda. Ikasemwa hata kwamba wengine walipopimwa tena, VVU havikuonekana. Rais Moi akaizindua mwenyewe.

Nani angebisha? Watu walikuwa wanazika jamaa zao, na safari hii dawa ilitangazwa Nairobi, si Ulaya. Aliyehoji alionekana haitakii mema Afrika, na hisia hiyo naielewa kabisa.

Tatizo ni kwamba wagonjwa wale wa mwanzo wote walipewa dawa. Hapakuwa na wenzao wasiopewa, ili walinganishwe. Ugonjwa huu una kupanda na kushuka; mtu hukimbilia hospitali akiwa hoi, kisha akitibiwa kifua, akala vizuri na kupata matumaini, hunenepa kidogo. Sifa zote zikaenda kwa Kemron.

Uganda ndiyo iliyolimaliza suala hili. Wagonjwa 560 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa intaferoni ya aina hiyo, jingine dawa bandia inayofanana nayo. Mgonjwa hakujua anapewa ipi, na daktari anayempima hakujua pia, maana daktari naye ana matumaini yake, na matumaini huona nafuu hata pasipo na nafuu. Ilipofunuliwa nani alipewa nini, makundi yalikuwa sawa, kwa vifo na kwa kasi ya ugonjwa.

Wapo wanaodai njia hii ni hila ya kuzima tiba za Waafrika. Mbona Wamarekani walipitisha dawa yao ya UKIMWI, AZT, kwenye chujio hilohilo? Mwaka 1986 jaribio lao lilisimamishwa kabla ya wakati: waliopewa dawa bandia walikuwa wamekufa 19, waliopewa AZT mmoja. AZT nayo ilikuja kuonekana haitoshi peke yake, ndipo zikaja dawa mseto tunazoziita ARV.

Kwa hiyo ukitumiwa WhatsApp dawa ya sukari au presha, yenye shuhuda za watu kumi waliopona, muulize anayekutumia: waliokunywa wakabaki vilevile ni wangapi, na wasiokunywa walikuwaje? Akikosa jibu, usiache vidonge vyako vya kliniki.