Nyumba Inayomtibu Mlezi

Nyumba ya matunzo ya pamoja ni makao ambamo wazee wasio na ndugu, yatima, watu wenye ulemavu au wagonjwa wa muda mrefu huishi na anayewatunza, wakila naye chungu kimoja. Haifanani na wodi, ambako muuguzi hurudi kwake zamu ikiisha. Haifanani pia na makazi ya serikali kama yale ya Sukamahela, wilayani Manyoni, yaliyo chini ya ustawi wa jamii. Aghalabu huanzishwa na mtu mmoja, na aghalabu mtu huyo ana jeraha lake mwenyewe: mjane, mzazi aliyezika mtoto, mlevi aliyeacha pombe, manusura wa vita.

Haja ya nyumba za namna hii huonekana wazi katika mji kama Itigi. Mji huo uko kwenye Reli ya Kati, kati ya Manyoni na Tabora, na Hospitali ya Mtakatifu Gaspar iliyopo hapo, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi, hupokea wagonjwa kutoka vijiji vya mbali. Hospitali humtibu mgonjwa kisha ikamruhusu. Lakini aliyepooza upande mmoja, ambaye watoto wake wamehamia mijini, ameruhusiwa aende kwa nani? Mtu anayefungua mlango wake hapo anaziba pengo ambalo dawa haiwezi kuliziba.

Kwamba kazi hiyo humponya pia anayeifanya si maneno ya kupeana moyo tu. Mwaka 1965 mtaalamu wa saikolojia ya jamii Mmarekani Frank Riessman aliandika kuhusu vikundi vya kusaidiana na kutoa hoja kuwa mara nyingi anayenufaika zaidi ni yule anayetoa msaada. Watu walioacha pombe walikwisha kulijua hilo. Chama cha Alcoholics Anonymous (AA), kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kilimalizia Hatua zake Kumi na Mbili kwa kumtaka aliyepata nafuu awafuate wanaoendelea kuteseka. Hatua hizohizo ndizo zinazotumika katika soba house nyingi, yaani nyumba za watu wanaoacha dawa za kulevya, za Zanzibar na Tanzania Bara, ambako msimamizi wa nyumba mara nyingi ni mtu aliyewahi kutumia heroini. Anapomwamsha kijana mgeni alfajiri afanye usafi, anailinda pia siku yake mwenyewe.

Siri kubwa iko kwenye ratiba. Msiba mzito huvunja siku: mfiwa hajui ale saa ngapi wala alale saa ngapi, na matanga yakishaanuliwa watu hutawanyika na kumwacha na ukimya. Nyumba yenye mgonjwa wa kitandani haina nafasi ya siku iliyovunjika. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kutoka ubavu hadi mgongo, kutoka mgongo hadi ubavu wa pili, la sivyo nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na kidonda hufunguka kiunoni au kisiginoni. Shuka hunyooshwa isiwe na mikunjo, ngozi hukaguliwa kama ina wekundu au weusi usioondoka, uji hupozwa, daftari la dawa hutiwa alama. Kiangazi, maji yanapokuwa ya kununua kwa ndoo, kufua shuka peke yake ni mpango wa siku nzima. Mlezi halazimiki kujisikia vizuri ndipo afanye haya. Huyafanya, na hisia hufuata nyuma, polepole.

Jambo la pili ni jina. Mtu aliyekuwa anaitwa "yule aliyefiwa" huanza kuitwa mama au baba wa nyumba. Marguerite Barankitse, maarufu kama Maggy, aliyapitia hayo kwa namna ya kutisha. Tarehe 24 Oktoba 1993, huko Ruyigi, mashariki mwa Burundi, alifungwa kwenye kiti akalazimishwa kutazama watu 72 wakiuawa. Aliwanusuru watoto 25, na kutokana na hao ikazaliwa Maison Shalom, iliyokuja kuwahudumia maelfu. Hakungoja apone ndipo alee. Malezi na uponyaji vilikwenda pamoja. Nchini Uganda, Noerine Kaleeba alianzisha TASO pamoja na wenzake mwaka 1987, mwaka uleule mumewe alipofariki kwa UKIMWI. TASO si nyumba ya makazi, lakini chanzo chake ni kilekile.

Dawa hii ya kujiponya kwa kuwatunza wengine hata hivyo ina sumu yake. Nyumba ikiwepo hasa kwa ajili ya kumponya mwanzilishi, wanaotunzwa hugeuka dawa yake, na mtu hapendi dawa yake imwondoke. Mzee ambaye ndugu zake wamepatikana huzuiwa kurudi kwao, na mtoto anayeweza kulelewa na shangazi hubakizwa kituoni. Kuna hatari pia ya mwanzilishi kuonekana mtakatifu asiyehojiwa. Jean Vanier, aliyeanzisha jumuiya za L'Arche nchini Ufaransa mwaka 1964, jumuiya ambazo leo zipo hata Kenya na Uganda, alisifiwa duniani kote. Mwaka 2020, baada ya kifo chake, uchunguzi ulioagizwa na L'Arche yenyewe ulibaini kwamba aliwadhulumu kingono wanawake kadhaa.

Upo pia uchovu wa mlezi, ambao Christina Maslach wa Marekani alianza kuuchunguza miaka ya 1970: mtu huishiwa nguvu, huanza kuwaona anaowahudumia kama vitu, kisha huona kazi yake haina maana. Dalili ya mapema ni ulimi mkali kwa mgonjwa asiye na kosa. Tiba yake ni zamu za kweli, siku ya mapumziko na mtu wa nje wa kumsikiliza. Sonona iliyokolea, au kumbukumbu za kutisha zinazomkosesha usingizi, zinahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Ratiba pekee haiziwezi.

Kwa hiyo usimamizi wa nje humlinda mlezi pia, ingawa wengi huuona kama usumbufu. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuonwa kwanza, kabla ya fundi wa kufyatua tofali. Kiwanja nacho ni vyema kisajiliwe kwa jina la taasisi yenye bodi. Kikibaki kwa jina la mwanzilishi, siku akifariki nyumba inaingia kwenye mirathi, na warithi wana haki ya kugawana vyumba ambamo wagonjwa bado wamelala.